Mlango wa Karakana ya Hewani: Mjadala wa Mbao na Chuma

Katika nchi ya Tana ya chini, ambako mto ndio unaolisha shamba na mto huohuo ndio unaolifuta, hakuna sehemu ya nyumba ijengwayo bila kuulizwa itafanya nini siku maji yatakapopanda; na wakazi wa Hewani, kijiji cha Wapokomo jirani na Garsen, hawaulizi swali hilo kwa dhana tupu, maana waliopo wameyaona au wamesimuliwa na wazee wao mafuriko ya 1961, ya El Niño ya 1997 na 1998, ya 2018, na yale yaliyoanza mwishoni mwa 2023 yakaendelea hadi 2024. Kwa hiyo jambo ambalo mahali pengine lingekuwa dogo, yaani mlango wa karakana iliyojengwa ubavuni mwa nyumba, hapa hugeuka kuwa hoja yenye pande nyingi, inayostahili kusikizwa kwa wasaa.

Hoja yenyewe ni hii: mtu aliye na karakana nyumbani kwake, ya kutengenezea pampu za kumwagilia mashamba, baiskeli, pikipiki na mitumbwi, anahitaji uwazi wa upana wa mita 3 na kimo cha mita 2.4. Je, yafaa aufunge uwazi huo kwa mlango wa mitambo uliobuniwa mahsusi kwa ajili yake, unaoinuka juu kwa nguvu ya uzani, au atosheke na mbao mbili za kufunguka kando kama zilivyowatosha waliotangulia? Nimewaweka barazani wasemaji wanne, kila mmoja na hujja yake: Mwenye Karakana, mwanamke aliyerithi kazi hiyo kwa marehemu mumewe na sasa anaiendesha na wanawe, Seremala, mzee wa randa na patasi, Mchomeleaji, kijana wa vyuma, na Mwalimu, msomeshaji wa fizikia. Wasemaji ni wa kubuni, lakini hoja zao ni za kweli.

SEREMALA: Mwanangu, mimi sina ugomvi na chuma, kwa kuwa msumeno wangu ni chuma na keekee yangu ni chuma, ugomvi wangu ni na wingi wa viungo. Kitu kisichokuwamo katika mlango hakiwezi kuvunjika. Tazama milango ya Lamu, mji ambao tangu 2001 umeandikwa katika urithi wa dunia: mbao mbili nene, mfaa katikati uliofungwa kwenye ubao mmoja, komeo kwa ndani, na tumbuu kwa nje. Aghalabu milango ile ya kale haikutegemea bawaba. Kila ubao una ncha juu na ncha chini, zinazozunguka ndani ya matundu ya kizingiti cha juu na cha chini, na uzito wote hukalia kizingiti. Imezunguka hivyo kizazi baada ya kizazi, bila grisi ya dukani wala fundi wa kuitwa kutoka Mombasa. Nifanyie insafu: mlango gani wa mitambo umefikia umri huo?

MCHOMELEAJI: Babu, nakubali kwamba mlango wa Lamu ni hoja nzito, na uzito wake ndio ninaoutilia shaka. Milango ile mingi ni ya nyumba, si ya karakana. Mtu mmoja na mzigo wake hupita, si mtumbwi. Tukiziba uwazi wa shangazi huyu kwa mbao za mwembe zenye unene wa sentimita 4, tutakuwa tumepachika karibu kilo 180, nusu upande huu na nusu upande ule, na kila ubao una upana wa mita 1.5 ukining'inia kwenye mwimo wake. Mwaka wa kwanza utafunguka kwa kidole. Wa pili ncha ya mbele itaanza kuburura chini. Wa tatu utauinua kwa bega. Na mbao ngumu ya kushinda mchwa tutaipata wapi? Mbambakofi na mvule si miti ya kuokota njiani, na misitu iliyobaki kandokando ya mto wetu ndiyo makao ya mbega mwekundu wa Tana, kima ambaye ulimwenguni kote hana makao mengine. Hatuwezi kuukata msitu huo kwa ajili ya mlango.

MWENYE KARAKANA: Hayo ya msitu nimeyasikia, na sina haja ya kugombana na walinzi wala na majirani. Lakini mwanangu, umetaja ubovu wa mbao bila kutaja uzuri wa chuma. Mfanyabiashara mmoja alinishauri ninunue mlango wa kukunjwa, ule wa mabati yenye mikunjo unaojiviringisha juu kama mkeka, tena akaniambia naweza kuutia mota.

MCHOMELEAJI: Shangazi, mlango ule ni mzuri katika duka la Malindi, ambako sakafu ni kavu na fundi yupo mtaa wa pili. Ndani ya roda lake mna springi iliyosokotwa, na hiyo ndiyo ibebayo uzito. Ikishika kutu au ikikatika, mlango mzima huwa mzigo usioinuka, na anayejaribu kuilegeza asijue kazi hiyo hujitia hatarini. Matope yakiingia katika njia zake za pembeni, mabati hukwama nusu njia. Ama mota, stima ikikatika usiku wa mvua, hapo ndipo unapotaka kuutoa mzigo wako na hapo ndipo mlango unapokuwa ukuta. Rai yangu ni mlango wa kupanda wima ndani ya mifereji miwili, umefungwa kamba zinazopita kwenye kapi juu na kuteremka kwenye mawe ya mizani yenye uzani sawa na wake. Mtu hauinui, huusukuma tu, mawe yakateremka, nao ukapanda.

MWALIMU: Niruhusuni niseme kwamba jambo hili si geni duniani. Mhandisi al-Jazari, katika kitabu chake cha 1206 kuhusu mitambo ya ajabu, alieleza mbali na saa za maji na pampu mlango mkubwa wa shaba aliousanii kwa kasri la mji wa Amid, ambao leo ni Diyarbakır nchini Uturuki. Na mlango wa gari unaopanda juu, ulioenea katika nyumba za Marekani, ulibuniwa na C. G. Johnson huko Detroit mwaka 1921. Lakini hata pasipo kwenda mbali, wakulima wa mpunga wa delta wanaujua mlango wa wima: ni lango la mfereji, ubao unaopanda na kushuka kati ya nguzo mbili zenye mifuo ili maji yapite au yazuiwe.

SEREMALA: Hapo, Mwalimu, umenipa silaha pasipo kujua. Lango la mfereji lina kimo cha goti, na juu yake pana anga wazi. Mlango wa kimo cha mita 2.4 unaopanda wima unataka nafasi nyingine ya mita 2.4 juu yake ya kupandia. Mwanangu huyu ajenge ukuta wa karibu mita 5 kwa ajili ya mlango? Nyumba itakuwa mnara. Na hizo kamba: waulize manahodha wa Kipini, pale mto unapoingia baharini, jarari hudumu kiasi gani juani, na gofia isipotiwa mafuta hulia vipi. Jahazi lina mabaharia wa kuzitazama kamba kila siku. Karakana ina mama mmoja mwenye kazi nyingi. Kamba ikikatika upande mmoja, mlango hupinda ndani ya mifuo yake, na jiwe la mizani humwangukia aliye chini.

MCHOMELEAJI: Hoja ya kimo imenishinda, babu, sina budi kuikubali. Lakini haikunirudisha kwenye mbao zako, maana zenyewe hazijajibu suala la maji.

MWALIMU: Suala la maji lina hesabu yake, na hesabu hiyo yafaa iwekwe wazi kabla hatujachagua chochote. Maji yakisimama nje ya mlango wenye upana wa mita 3 kwa kina cha nusu mita, na ndani ikawa kavu, yatausukuma kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa kilo 375. Kina kikifika mita 1, msukumo hauongezeki mara mbili bali mara nne: kilo 1,500. Mlango wa kufunguka nje hautafunguliwa na ukoo mzima. Mlango wa kufunguka ndani utamponda aliyeuondolea komeo. Na mlango wa wima utabanwa kwenye mifuo yake hata usipande. Kwa hivyo mbao na chuma ziko sawa mbele ya maji: zote hushindwa, maadamu zimejengwa kwa nia ya kuyazuia. Dawa ni kuyaruhusu yaingie. Kina cha ndani kikilingana na cha nje, misukumo miwili huondoana, na mlango huwa mwepesi tena, ijapokuwa uko majini.

MWENYE KARAKANA: Basi mnaniambia niyakaribishe maji katika karakana yangu?

MWALIMU: Maji makuu yataingia, Mama, hata usipoyakaribisha, kwa kuwa yatapita chini ya kuta na katika matundu ya matofali. Matuta ya mradi wa mpunga wa TARDA, mamlaka ya maendeleo ya mito ya Tana na Athi, hapa delta yalijengwa na wahandisi kwa fedha nyingi, na gharika ya El Niño iliyabomoa. Kama tuta la mradi halikusimama, ubao wa mlango hautasimama. Chagua tu kama yataingia kwa hiari yako na mlango ukabaki mzima, au kwa kuvunja. Pampu na mota zipandishwe juu ya rafu kabla ya hapo. Hiyo ndiyo kinga, si mlango.

SEREMALA: Na matope? Mto ukirudi mkondoni mwake huacha udongo nje ya kizingiti, na ubao wa kufunguka nje hulala nyuma ya udongo huo hata uchimbuliwe kwa jembe. Naisema aibu hii ya mbao zangu mwenyewe, ili nisije nikaambiwa nimeificha.

Hapa mjadala ulikuwa umefika pahala ambapo kila upande umekwisha vunja hoja ya mwenzake bila kusimamisha yake, na baraza za namna hii mara nyingi huishia hapo, kila mtu akarudi kwake na ushindi wake mdogo. Kilichouokoa ni kwamba Mchomeleaji aliacha kuutetea mlango wa wima akageukia dirisha la kibanda, lile ambalo kila mwenye duka dogo hulijua: limefungwa kwa juu, husukumwa nje kwa chini, hutegwa fimbo, nalo likawa kivuli cha wateja.

MCHOMELEAJI: Babu, tuuchukue mlango wako wa Lamu, tuzilaze zile ncha zake mbili. Badala ya moja kuwa juu na nyingine chini, ziwe kulia na kushoto, kwenye mhimili wa bomba uliolala chini ya kizingiti cha juu, na mlango ubinuke nje kwenda juu. Springi haimo, wala kamba ya kubeba uzito. Kutoka kwenye mhimili huo mikono miwili ya chuma ipande kwa ndani ya karakana, kila mmoja wa sentimita 60, na kila mkono ubebe jiwe la mizani la zege. Mlango ukiwa umefungwa, mikono imesimama wima juu ya kizingiti. Ukifunguka, mikono hulala ndani juu ya vichwa vyetu, na uso wa mabati hulala nje ukawa kivuli cha kufanyia kazi.

SEREMALA: Ni mizani ya dukani, basi, ila sahani moja imekuwa mlango. Na uzani?

MCHOMELEAJI: Uso wa vyuma vya mraba na mabati, upana mita 3 na kimo mita 1.8, una uzito wa kilo 55 hivi, na kitovu cha uzito wake kiko sentimita 90 kutoka kwenye mhimili. Zidisha 55 kwa 90, gawanya kwa 60, utapata kilo 82 na nusu, yaani kilo 41 na ushei kila mkono. Zege ya uzito huo haijazi hata ndoo ya lita 20.

MWALIMU: Na hesabu hiyo haibadiliki kadiri mlango unavyozunguka, kwa kuwa mkono na uso wa mlango viko kwenye mstari mmoja, kila upande mmoja unapozidi kuvuta, wa pili nao huzidi kwa kiasi kilekile. Mlango utasimama popote utakapoachwa, robo, nusu au wote.

MWENYE KARAKANA: Utasimama popote mpaka kusi ivume. Nyinyi wasomi mmeupima uzito mkasahau upepo. Kitu kinachosogezwa kwa kidole changu kitasogezwa pia na upepo, na wajukuu wangu wanacheza papo hapo chini.

MWALIMU: Hilo ni kweli, nami nilipaswa kulitangulia. Upepo wa mita 10 kwa sekunde, ukiupiga uso huo sawasawa, huusukuma kwa nguvu ya kilo 30 na zaidi. Mlango uliosawazishwa hauna cha kuupinga.

MCHOMELEAJI: Basi tusiusawazishe kabisa, shangazi. Jiwe la mizani lipunguzwe kilo 2 au 3 kila upande, ili mlango wenyewe upende kufungika taratibu. Ukifunguliwa, pini mbili nene zipite kwenye mikono na kwenye vyuma vya ukutani, kila upande yake, na mtu asipite chini mpaka zimeingia. Ukifungwa, makomeo mawili kwa ndani. Na zege isining'inizwe kwa waya. Imwagwe ndani ya boksi la chuma lililochomelewa kwenye mkono, isiweze kuanguka hata ikipasuka.

SEREMALA: Umesema kimo cha mita 1.8, na uwazi ni mita 2.4. Sentimita 60 za chini umemwachia nani?

MCHOMELEAJI: Nimekuachia wewe, babu. Chuma kikigusa udongo wenye unyevu huliwa na kutu kuanzia chini, na uso unaobinuka nje ukifika ardhini utakwama kwenye matope kama ubao wako. Chini paingie mbao tatu za kulala, kila moja ya sentimita 20, zikiteremshwa kwenye mifuo ya miimo, kama lango la mfereji alilolitaja Mwalimu.

SEREMALA: Mbao ya mwembe ya kiasi hicho ina uzito wa kilo 15, mtu mmoja huinyanyua. Na mwembe hapa haukosekani. Ukichoka shambani kwa uzee, hupasuliwa mbao. Itaoza, nami najua itaoza, lakini nitabadilisha ubao mmoja bila kugusa nyingine, kazi ya asubuhi moja. Neno moja tu: ubao wa mwembe huelea. Maji yakipanda na mbao hazijatolewa, zitachomoka katika mifuo ziende Kipini. Kwa hiyo kila ubao utobolewe tundu la kamba, na maji yakianza kunusa kizingiti zitolewe zote, zifungwe juu ya boriti. Hapo maji yatapita chini ya uso wa chuma, ndani na nje sawa, kama Mwalimu alivyotaka.

MWENYE KARAKANA: Na mwizi naye atazing'oa kama maji?

SEREMALA: Hawezi, mwanangu. Ukingo wa chini wa uso wa chuma utaushukia ubao wa juu kwa nje, sentimita 5 hivi. Mpaka uso uinuliwe, hakuna ubao utokao. Na uso hauinuliwi mpaka makomeo yafunguliwe kwa ndani. Hivyo kufuli lako moja, la mlango mdogo wa kuingilia kutoka nyumbani, limelinda vyote.

MWENYE KARAKANA: Nimebakiwa na swali moja. Siku barabara ya Garsen imekatika na maji, na kitu kikaharibika katika mlango huu, nani ataurekebisha?

MCHOMELEAJI: Mhimili ukikwama, ni grisi. Tundu la mhimili likilika, ni kipande cha bomba. Jiwe likipasuka, ni saruji na mchanga. Na ikiwa hakuna chochote, vijana wawili watauinua kwa ncha za pondo zao na kuutegesha kwa boriti, nawe utatoa vitu vyako.

Msimamizi wa mjadala hutarajiwa mwishoni atoe rai, nami sitaikwepa faradhi hiyo. Waliodai kwamba swali lilikuwa la mbao dhidi ya chuma walikosea mahali pa kulipima, kwa sababu mlango uliopatikana una vyote viwili, tena kila kimoja kimewekwa pale ambapo udhaifu wake haudhuru: chuma kimepandishwa mbali na udongo unaokitia kutu, na mbao imeshushwa pale ambapo kuoza kwake kumekwisha hesabiwa na kulipiwa kabla. Wala swali halikuwa la ukale dhidi ya usasa, kwani kilichoibeba kazi yote ni ncha inayozunguka tundoni, kiungo walichokitumia mafundi wa Lamu, na wenzo wenye uzani ncha moja, ambao ni miongoni mwa vyombo vya kale kabisa vya wanadamu.

Kipimo cha kweli ni swali la mwisho la mama yule. Mtambo wa nyumbani haupimwi kwa wepesi wake siku unapozinduliwa, wala kwa bei yake peke yake, bali kwa idadi ya watu walio ndani ya mwendo wa miguu ambao wakiutazama wataelewa kwa nini unasimama na kwa nini umekwama. Mlango wa springi una wachache kama hao katika Garsen. Katika Hewani iliyozungukwa na maji huenda asiwemo hata mmoja. Mlango wa mizani, ambao sehemu zake zote ziko wazi machoni na hesabu yake ni ya kuzidisha na kugawanya, unaeleweka na kila mtoto aliyewahi kupima unga. Kwa hiyo naupa ushindi upande wa mtambo uliobuniwa mahsusi, kwa sharti ambalo upande huo haukuja nalo barazani bali ulilazimishwa na wapinzani wake: kwamba uvuliwe kamba za kubeba uzito, springi na mota.

Na kwa kuwa rai isiyotendeka haina faida, atakayeufuata mfano huu asinakili vipimo vyake, maana uso wa mlango wake utakuwa na uzito wake mwenyewe. Autengeneze uso kwanza, aupime kwa mizani ya magunia, ndipo amwage zege. Na kabla ya yote amwambie mwashi aache nafasi ya sentimita 80 ndani, juu ya kizingiti, kabla ya kupandisha paa, kwa kuwa mikono ya mizani isiyo na pa kusimama haitafaidiwa na ustadi wowote wa seremala wala wa mchomeleaji.